Upotevu, Ukawio na Sumaku ya Kudumu

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha maelekezo ya mota za umeme za mwendo mkali hukutana mapema na hasara za namna mbili: nishati inayopotea na usumaku unaopotea. Akitumia neno moja, upotevu, kwa zote mbili, sarufi yake haitakuwa na kasoro, lakini fundi atapotoshwa. Dhana hizi hazikuzaliwa pamoja.

Ya kwanza ni ya karne ya 19. Mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba sahani ya shaba inayozungushwa kati ya ncha za sumaku hupata joto. Joto hilo hutokana na mikondo ya umeme inayojizungusha ndani ya metali. Wafaransa waliipa jina lake, na Waingereza wakaifananisha na maji yajizungushayo mtoni. Mwaka 1881 James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, alieleza kwamba usumaku wa chuma hubaki nyuma ya nguvu inayousababisha. Akachukua neno la Kiyunani lenye maana ya kuchelewa, akaunda istilahi ambayo wengine wetu huiandika histeresisi. Mimi napendelea ukawio, kwani msomaji huiona maana kabla ya kufafanuliwa. Mwaka 1892 Charles Steinmetz alitoa kanuni ya kuukadiria upotevu wa ukawio kabla ya mashine kuundwa.

Mwendo ndio unaoikuza hasara hiyo. Rota yenye ncha mbili ikipandishwa kutoka mizunguko 3,000 hadi 60,000 kwa dakika, marudio hupanda kutoka 50 hadi 1,000 kwa sekunde. Mambo mengine yasipobadilika, upotevu wa ukawio huongezeka mara 20 hivi, na ule wa mikondo mara 400. Nishati hiyo haitoweki, hugeuka joto.

Hapo ndipo dhana ya pili inapoingia. Sumaku za neodimi, chuma na boroni, zilizobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hukoma kuwa sumaku karibu na nyuzi 310 za Selsiasi. Hata hivyo, aina zake za kawaida huweza kudhurika zinapozidi nyuzi 80 tu, hasa mkondo wa koili unapozipinga. Zile za samari na kobalti, za miaka ya 1960, huvumilia zaidi.

Nishati iliyopotea hulipwa katika hati ya umeme, na kesho mota hufanya kazi kama jana. Usumaku ulioondoka kwa namna hii haurudi kwa kupoza mota. Sharti sumaku isumakishwe upya. Kwa hiyo upotevu ubaki kwa nishati, na kwa sumaku tuseme uondokaji wa usumaku.

Je, tuendelee kusema sumaku ya kudumu? Naam. Jina hilo huitenga na sumaku ya umeme, ambayo huisha mkondo ukikatwa, wala haliahidi umilele. Tatizo liko katika jedwali la vipimo, panapotajwa uwezo wa sumaku kukataa kuondolewa usumaku. Ukinzani umekwisha kupewa kazi katika somo la umeme, na udumifu ungemfanya msomaji asahau kwamba katika sumaku za neodimi uwezo huo hupungua kadiri joto linavyopanda. Napendekeza ushupavu.