Mimea ya Kilimanjaro, Hatua kwa Hatua

Wengi hupanda mlima huu macho yakiwa kwenye theluji ya kilele cha Kibo. Tunakuomba uangalie pia kando ya njia.

Safari kwa njia ya Marangu huanzia ndani ya msitu wa mvua. Penye unyevu, karibu na vijito, tafuta ua dogo jekundu lenye ncha iliyopinda kama mkonga wa tembo. Ni Impatiens kilimanjari, na kiasili halioti popote pengine duniani. Katika bonde moja la mlima huuhuu, watafiti walitangaza mwaka 2016 mti wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika.

Ukishapita kambi ya Mandara, miti hupungua kimo na vichaka hutawala. Usiharakishe ukifika kambi ya Horombo, mita 3,720, maana hapa ndipo penye maajabu yenyewe. Mmea uitwao senesio mkubwa haudondoshi majani yake makavu. Huyaacha yalizunguke shina na kulikinga na baridi. Jirani yake, lobelia, huhifadhi maji katikati ya majani. Usiku majani hujifunga, maji ya juu huganda, ya chini hubaki maji, na chipukizi changa husalimika. Chungulia asubuhi na mapema, barafu utaiona.

Zamani msitu ulipanda juu zaidi ya ulipo sasa. Mioto ya mara kwa mara ndiyo iliyoushusha, na ule wa Oktoba 2020 uliunguza eneo kubwa la vichaka. Usiwashe moto, wala usitupe kipande cha sigara njiani.