Mtu wa Mwisho kwenye Msafara

Desemba iliyopita nilishuka kwenye treni ya TAZARA hapa Mbingu usiku, na kabla sijanawa mikono nile, Mama akanipa kazi.

"Wewe si ndiye unayesoma mambo ya kale? Kaa na mdogo wako. Udaktari sawa, lakini jeshi la nini?"

Mdogo wangu anasomea udaktari Ifakara. Alipomaliza kidato cha sita alipelekwa JKT Mafinga, na tangu arudi hana wimbo mwingine: akihitimu, anataka kuwa daktari wa jeshi. Mama hataki kusikia. Baba wa bibi yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani na hakurudi. Waliomchukua walikuwa Wajerumani au Waingereza? Bibi hakujua. Alijua tu kwamba walikuja na kamba. Kwa Mama, jeshi ni kile kitu kilichommeza mtu bila kurudisha hata habari ya kaburi.

Niliahidi kuzungumza naye, lakini kwanza nikarudi kwenye niliyoyasoma chuoni. Sikutaka kumtisha mdogo wangu kwa hadithi ya nyumbani peke yake.

Ukisimama Mbingu, Udzungwa iko mgongoni, bonde la Kilombero liko mbele, na ng'ambo yake ni milima ya Mahenge. Mwaka 1917 majeshi yalilifuata bonde hili kuitafuta Mahenge, iliyokuwa ngome ya Wajerumani, mpaka Wabelgiji walipoiteka Oktoba mwaka huo. Hakukuwa na reli hapa. Kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilisafiri kichwani mwa mtu.

Madaktari wa jeshi walikuwepo pande zote mbili. Wa Kijerumani, walipokatiwa njia ya bahari, walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa Amani, kule Usambara. Baadaye, wakiwa safarini, walichemsha magome yenyewe wakapata maji machungu ambayo wanajeshi waliyaita kwa utani pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao. Upande wa pili, malaria iliwaangusha askari wa Afrika Kusini kwa maelfu, na kufikia mwisho wa 1916 wengi walikuwa wamerudishwa kwao.

Mpagazi hakuwa na pa kurudishwa. Takwimu rasmi za Waingereza zenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, wakaupika haraka jioni wakiwa wamechoka, kuni zikiwa mbichi kwa mvua, wakala haujaiva. Dawa ya ugonjwa ule ilianzia kwenye sufuria: chakula kilichozoeleka, muda wa kukipika, blanketi, siku ya kupumzika. Daktari aliweza kuyasema hayo yote. Aliyeamua msafara uondoke saa ngapi alikuwa mtu mwingine.

Hapo nilitaka kufunga daftari na kumwambia Mama ameshinda. Lakini kuna jambo jingine katika vita vile vile. Waingereza waliunda kikosi cha tiba cha Waafrika kutoka Uganda, na ndani yake walikuwemo vijana waliosoma shule za misheni. Walisafisha vidonda, waligawa dawa, waliwahudumia wagonjwa wa hospitali za vita. Uwezo wao uliwapa nguvu waliokuwa wakidai kwamba Mwafrika anaweza kufundishwa utabibu, na katika miaka ya 1920 mafunzo hayo yakaanza Makerere na Mulago. Hadi shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, Makerere ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kijana wa Tanganyika kuwa daktari. Kwa hiyo hata koti jeupe la mdogo wangu lina uzi mmoja uliotoka kwenye msafara uliommeza babu yetu.

Siku ya tatu tulikaa chini ya mwembe, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, sasa unanikataza au unaniruhusu?"

"Nakuuliza. Bosi wako akisema msafara uondoke, na wewe unaona watu hawawezi kutembea, utafanyaje?"

Akanyamaza. Kisha akanieleza kuhusu Lugalo, hospitali ya jeshi inayotibu hata raia, na kwamba siku hizi daktari wa jeshi ana cheo, si mtu wa kusubiri nyuma ya mahema. Nikamjibu kwamba madaktari wa 1917 nao walikuwa na vyeo.

"Basi nitakuwa wa kwanza kukagua sufuria," akasema. Tulicheka, lakini niliona swali limemwingia.

Jioni Mama alitaka jibu. Nilimwambia kwamba sikumkataza. Nilimwambia pia kwamba babu yake angekuwa na mtu kama huyu katika msafara ule, mtu aliyesomea dawa, mwenye cheo, tena anayejua yeye ni mzao wa nani, labda tungejua alizikwa wapi.

Mama aliendelea kupepeta mchele. Baada ya muda mrefu akasema, "Aje aniambie mwenyewe."

Nikaenda kumwita.