Vikundi vya Kuacha Pombe Eastlands

Vikundi vya kuacha pombe ni mikutano ya watu walioshindwa na ulevi, wanaokaa pamoja ili wasaidiane kuishi bila kunywa. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Dandora, utaratibu unaojulikana zaidi ni ule wa Alcoholics Anonymous, ambao wenyewe huuita AA. Hakuna kiingilio wala daktari, na mara nyingi hata kibao mlangoni hakipo.

Pombe ina historia ndefu upande huu wa jiji. Miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni iliendesha kilabu chake cha pombe Pumwani huku ikiwaandama wanawake waliopika pombe nyumbani. Mwaka 1922 kiwanda cha bia kikaanzishwa Ruaraka. Baadaye kitongoji cha Mathare kikajulikana kwa chang'aa, pombe kali ya kupikwa kienyeji, na mwaka 2004 bia ya bei nafuu ya Senator Keg ikaingia sokoni kushindana nayo. Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Mukuru na viunga vyake. Wengine walinusurika lakini wakapofuka. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya wapatao milioni 1.3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wana tatizo la uraibu wa pombe.

AA yenyewe ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alipokutana na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi, na kila mmoja aliona kwamba kuzungumza na mlevi mwenzake kunamzuia kurudi kwenye chupa. Sharti la kujiunga limebaki moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Kazi ngumu ni kuvipata vikundi hivi. AA haijitangazi, na kwa mtu aliyeamka leo akiwa amechoka na pombe, huo ni mzigo wa kweli. Njia rahisi ni kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA inayopokelewa saa 24, au kuwauliza washauri wa rehabu na wa Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya Thika Road. Mikutano mara nyingi hufanyika katika vyumba vya parokia, shule au kumbi za jamii, na kwa kuwa kikundi kidogo kinaweza kuhama, ni vyema kuthibitisha kabla ya kupanda matatu. Tangu corona ya mwaka 2020, ipo pia mikutano mingi ya mtandaoni.

Aibu nayo ina nguvu. Katika ploti ambako majirani hugawana mfereji na choo, habari hazifichiki, na mwanamke anayekunywa husemwa vibaya kuliko mwanamume. Ndiyo maana mkazi wa Umoja anaweza kuamua kuhudhuria katikati ya jiji. Hakosei, mradi nauli isimzuie kurudi, kwa sababu anayeanza hushauriwa kuhudhuria mara kwa mara, hata kila siku kwa siku 90 za mwanzo. Saa nazo hazimsaidii: sheria ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi, wakati uleule watu wanapotoka kazini.

Ndani, mkutano huchukua saa moja au moja na nusu. Hufunguliwa kwa sala fupi ya kuomba utulivu, kisha mwenyekiti huuliza kama kuna mgeni. Mgeni halazimishwi kusema neno. Anayezungumza hutaja jina lake la kwanza, husema yeye ni mlevi, na wenzake humsalimu kwa jina hilo. Atasimulia asubuhi alizotoka mbio kutoa loki, yaani kunywa tena ili mikono iache kutetemeka, au mshahara ulioishia kaunta, na hakuna atakayemkatiza wala kumhukumu. Kikapu cha michango kikipita, asiye na kitu hukipitisha tu. Yanayosemwa hubaki pale. Baadaye mgeni huchagua sponsa, mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa, wa kumpigia simu kiu ikimbana.

Onyo moja halipaswi kupuuzwa. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku chache za kwanza anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa vibaya, na hali hiyo inaweza kuua. Aanzie hospitalini.

Je, mikutano inasaidia? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba mipango ya kuwaunganisha wagonjwa na AA iliwasaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa. Tena mikutano haina kiingilio wala mwisho, ilhali rehabu ya kibinafsi hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa kawaida humalizika baada ya miezi mitatu.

Jamaa wa mlevi wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na wenzake. Mke, mzazi au mtoto mkubwa anaweza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe bado hajakubali kwamba ana tatizo.