Maumivu hayaishi, vipimo havionyeshi kitu? Unaweza kumuona daktari wa pili

Umemaliza dozi ya malaria, ukaambiwa taifodi, ukameza na hiyo. Mwezi wa tatu sasa viungo vinauma na homa inakuja na kuondoka. Ukiwa Masuguru, iwe upande wa Handeni au Korogwe, hatua inayofuata ni maoni ya daktari mwingine, siyo duka jingine la dawa.

Wengi huogopa kumuudhi daktari. Lakini Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani linasema wazi kwamba mgonjwa anaweza kuomba maoni ya daktari mwingine hatua yoyote ile.

Na sababu ipo. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya asilimia 60 waliambiwa ni malaria. Vipimo vya kina vilipotoka, wenye malaria kweli hawakufika asilimia 2. Baadhi walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, ikiwemo brusela.

Kama unafuga au unakunywa maziwa mabichi, mtajie daktari hilo hata asipouliza. Brusela huleta homa ya vipindi, jasho usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu. Tiba yake kwa kawaida ni dawa mbili kwa wiki 6, hivyo kidozi cha siku tano kitakutuliza tu.

Omba rufaa kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya. Korogwe ni Magunga. Juu yake kuna Bombo jijini Tanga, KCMC Moshi, na Muhimbili, ambako MOI hutibu mifupa na mishipa ya fahamu. Mwenye bima aulize kwanza utaratibu wa rufaa, asije akafika Dar akaambiwa alipe taslimu.

Beba majibu yote ya vipimo na maboksi ya dawa ulizotumia, za kienyeji pia zitaje. Andika maumivu yalianza lini na yanazidi saa ngapi. Daktari wa pili akikosa haya, ataanza upya kwa hela yako.

Akisema vipimo ni safi, hajasema unajifanya. Shirika la Afya Duniani linatambua maumivu yanayozidi miezi 3 kuwa yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe. Muulize: nini kingine kinaweza kuwa, na nirudi lini?

Ila miguu ikiishiwa nguvu ghafla, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, usisubiri rufaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.