Habari za Meza na Viti vya Mahogani

Mtu asiye seremala akionyeshwa meza ya kale huutazama uso wake unaong'aa. Seremala huinama akatazama chini yake. Huko ndiko azionako alama za msumeno wa mkono, na mahali ambapo randa ilipita upesi kwa kuwa fundi alijua hakuna mgeni atakayepatazama. Sisi nasi, wasomaji wetu, twapenda kuwapeleka chini ya meza moja ya namna hiyo, yaani meza ya kulia chakula ya mti wa mahogani, kama walivyozifanya Waingereza miaka zaidi ya 200 iliyopita, tupate kujua ilitoka wapi.

Hapo kwanza meza zao zilikuwa za mwaloni, mbao nzito zilizolazwa juu ya miguu, na wengi walioketi kula waliketi juu ya viti virefu visivyo na mgongo. Kiti chenye mgongo kilikuwa heshima ya mwenye nyumba. Baadaye mafundi wakaupenda mti wa jozi, lakini mti huo huliwa na wadudu. Ndipo katika mwaka 1721 Bunge la Uingereza lilipotoa sheria ya kuondoa ushuru juu ya mbao zitokazo katika makoloni yake ya Marekani na ya visiwa vya Karibi. Wakubwa waliotunga sheria hiyo walikuwa wakifikiri mahitaji ya merikebu. Hawakujua ya kuwa wanawaletea mafundi wa viti neema kubwa.

Mahogani ya kwanza ilitoka Jamaika. Mafundi walipoitia patasi walistaajabu. Ni mti mgumu, lakini hukubali kuchongwa maua na majani yaliyo membamba bila kupasuka. Haupindiki upesi, wadudu hawaupendi, na rangi yake huzidi kuiva kadiri miaka ipitavyo. Tena ni mti mnene: ubao mmoja waweza kutosha kuwa bawa zima la meza, pasipo kuunganisha vipande kwa gundi.

Katika mafundi wa siku zile ajulikanaye kuliko wote ni Thomas Chippendale, mwana wa seremala wa mji wa Otley katika jimbo la Yorkshire, aliyebatizwa mwaka 1718. Alikwenda London, na mwaka 1754 alitoa kitabu kikubwa cha michoro ya vyombo vya nyumbani. Waungwana walikinunua wapate kuchagua, na mafundi wenziwe walikinunua wapate kuiga. Waliiga kweli kweli, si Uingereza tu, hata Philadelphia ng'ambo ya bahari. Kwa sababu hiyo jina la Chippendale hutajwa leo juu ya viti vingi ambavyo mkono wake haukuvigusa kamwe. Mwuzaji asemapo "Chippendale," mara nyingi maana yake ni mtindo tu, na mnunuzi asiyelijua neno hilo hulipa zaidi.

Meza zenyewe zilibadilika polepole. Kwanza zilikuwa na mabawa yenye bawaba. Watu wakiisha kula, mabawa huteremshwa, meza husukumwa ukutani, na viti hupangwa kuizunguka kuta, katikati ya chumba pakabaki wazi. Nyumba kubwa zilipozoea kuwa na chumba cha kulia peke yake, zikaja meza ndefu za vipande viwili au vitatu, kila kipande juu ya nguzo moja yenye miguu iliyopinda na vigurudumu vya shaba. Mwaka 1800 Richard Gillow wa mji wa Lancaster alipewa hati ya serikali ya kuilinda hila yake ya meza ivutwayo ikarefuka, mbao za ziada zikatiwa katikati kwa kadiri ya wageni.

Hapo Lancaster na tukae kidogo. Ni mji wa bandari, nao akina Gillow waliagiza mahogani na pombe kutoka Karibi, wakapeleka huko meza na viti kuwauzia wenye mashamba ya miwa. Merikebu za bandari ile ile zilikwenda pwani ya Afrika Magharibi kuchukua watumwa. Chippendale naye, kazi yake iliyo kubwa kupita zote ilikuwa kuipamba nyumba ya Harewood katika Yorkshire, na mwenye nyumba hiyo, Edwin Lascelles, alizaliwa Barbados katika ukoo uliotajirika kwa sukari na kwa biashara ya watu. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa neno hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na masimulizi yake hayajasahaulika.

Lakini tuingie msituni, maana humo ndimo meza ilimoanzia. Miti ya Jamaika iliyokuwa karibu na mito ilipokwisha kukatwa, wafanyabiashara wakageukia pwani ya Honduras, nchi iitwayo leo Belize. Mapatano ya mwaka 1786 kati ya Uingereza na Hispania yaliwaruhusu Waingereza kukata mahogani huko. Waliokata walikuwa watumwa, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa wameletwa kwa njia ya Jamaika.

Mahogani haioti kwa makundi. Mmoja husimama hapa na mwingine mbali naye. Kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na mtu aitwaye mwindaji, ijapokuwa hakuwinda nyama. Katika mwezi wa Agosti alipanda mti mrefu kuliko yote, akatazama juu ya msitu, na kwa rangi ya majani yaliyoanza kuwa kama manjano na nyekundu akaitambua mahogani ilipo. Kisha akashuka, akapita vichakani bila njia mpaka kwenye mti aliouona. Maarifa yake ndiyo yaliyokuwa mtaji wa bwana wake. Wakataji wakajenga jukwaa kulizunguka shina, futi 10 au 12 juu ya nchi, kwa sababu chini shina hutanuka kama kuta, na juu ya jukwaa wakaupiga mti kwa mashoka. Baada ya hapo njia ilifyekwa. Mnamo Aprili na Mei, nchi ikiwa kavu, magogo yalivutwa na ng'ombe usiku, watu wakishika mienge, kwa maana joto la mchana lingaliwaua wanyama. Mvua za Juni zilipoijaza mito, magogo yaliachwa yaelee, na wakataji wakayafuata kwa mitumbwi mpaka mlangoni pa mto, ambapo minyororo iliyazuia na kila bwana akatafuta alama yake. Miezi mingi wanaume hawa walikaa mbali na wake zao na watoto. Wengine walitoroka kwenda nchi za Wahispania, na mwaka 1820 wengine waliinuka kwa silaha.

Mwaka 1791 watu wengi wa Uingereza waliacha kula sukari ya Karibi kwa kuwa ilitokana na jasho la watumwa. Ni tendo la kusifiwa. Sukari iliondolewa mezani, meza ikabaki.

Uhuru ulianza tarehe 1 Agosti 1834, lakini walioachwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka 1838. Mabwana wa makoloni walilipwa pauni milioni 20 kwa hasara yao; wakataji hawakulipwa kitu. Baadaye waliandikwa kazi kwa mshahara, wakipewa fedha mbele karibu na Krismasi, sehemu yake kwa bidhaa za duka la mwajiri, hata walipoingia msituni walikuwa wamekwisha kuwa wadeni. Leo bendera ya Belize ina watu wawili na mti wa mahogani kati yao, na vyombo vya kazi mikononi mwao.

Mahogani hiyo ina ndugu zake kwetu. Mwarobaini ni wa jamaa yake, na mkangazi ni wa karibu zaidi. Maseremala wetu waujua mbao zake nyekundu. Mahogani na mkangazi ilipungua kwa kukatwa. Tangu 2003 biashara ya mahogani ya Marekani yenye majani mapana imewekwa chini ya mapatano ya mataifa, na tangu 2023 mkangazi nao.

Mwalimu wa useremala atakayepata kuona viti vya namna hii na aombe ruhusa ya kukiinua kitako kimoja kilichotiwa ndani ya kiunzi. Mara nyingi ataona namba iliyokatwa kwa patasi, I, II, III, juu ya kiunzi na juu ya kitako, ili kila kitako kirudi mahali pake. Akiona viti viwili vyenye namba moja, ajue ya kuwa seti mbili zimechanganywa.