Zebaki ikimwagika nyumbani, usikimbilie ufagio

KIPIMAJOTO cha kioo kinapovunjika, wengi hukimbilia ufagio. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Zebaki ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida. Ikifagiwa hugawanyika kuwa matone madogo yanayojificha nyufani, na kila tone hutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo ndio hatari kuu, kwani ukivutwa huingia katika damu kupitia mapafu, kisha ukadhuru ubongo na figo. Walio hatarini zaidi ni watoto wanaotambaa na kina mama wajawazito.

Kipimajoto cha homa huwa na takriban gramu moja tu ya zebaki, na familia yaweza kuisafisha yenyewe. Hata hivyo, visiwani Lamu hapafai kuchelewa, kwa kuwa joto la kaskazi huongeza mvuke.

Kwanza, watoe watoto, wajawazito na wanyama. Aliyekanyaga zebaki avue viatu papo hapo asije akaisambaza. Zima feni, funga milango ya ndani na ufungue madirisha yanayotazama nje. Katika nyumba za kale za mawe, ambazo vyumba vyake hupata hewa kutoka kiwandani, ni heri familia ihamie kwa jirani kuliko kukaa chumba cha pili.

Anayesafisha avue pete na bangili za dhahabu, kwani zebaki hushikamana na dhahabu, kisha avae glavu za mpira. Aokote vigae vya kioo kwa uangalifu na kuvifunga katika karatasi. Matone ayakusanye polepole kwa kipande cha kadi ngumu, kisha ayafyonze kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Chembe zilizosalia hunaswa kwa utepe wa gundi. Kurunzi ikimulikwa kwa kulazwa karibu na sakafu, matone hung'aa hata yakiwa nyufani.

Vyote vitiwe katika chupa ya plastiki yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza, pamoja na glavu na vifaa vilivyotumika. Unga wa salfa ukinyunyizwa nyufani husaidia kuifunga zebaki iliyobaki na kupunguza mvuke.

Mkeka wa ukindu ni tatizo la pekee, kwa sababu matone hujificha kati ya mileba yake. Usiukung'ute wala kuufua. Ukunje taratibu, uufunge katika mfuko wa plastiki na kuutoa nje. Nguo na godoro zilizoingiwa na zebaki zitendewe vivyo hivyo. Chumba kiachwe wazi kwa muda wa saa 24 au zaidi.

Kamwe usiimwage zebaki chooni, shimoni wala baharini, na usiichome pamoja na takataka. Visimani hunywewa maji, na baharini vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayopanda kutoka samaki wadogo hadi papa na jodari, kisha mezani. Hayo ndiyo yaliyowapata wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na taka za kiwanda ulitambuliwa mwaka wa 1956. Chupa ipelekwe kwa afisa wa afya ya umma au wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Zebaki iliyomwagika ikiwa nyingi, mathalan kutoka mashine ya zamani ya kupimia shinikizo la damu, ondokeni nyumbani na muwaite maafisa hao. Anayekohoa, kubanwa kifua au kutetemeka apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka wa 2013, na mkataba huo uliweka mwaka wa 2020 kuwa kikomo cha kuunda na kuuza nje vipimajoto vya zebaki. Vilivyonunuliwa zamani, hata hivyo, vingali makabatini. Aliye nacho asingoje kianguke: akifunge vyema, akikabidhi kwa maafisa, na anunue cha kidijitali.