Livingstone alikufa amepiga magoti. Je, dawa za leo zingemwokoa?



Sisi wahubiri tunapenda sana kusimulia kifo cha David Livingstone. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, wenzake wakina Susi na Chuma walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakata roho. Tunasema "alikufa akiomba", na kanisa lote linaitika Amina. Kilichomuua tunakiruka.

Livingstone alikuwa daktari, amefuzu Glasgow mwaka 1840. Vidonge vya homa alivichanganya mwenyewe, kwinini ikiwemo. Januari 1867 sanduku lake la dawa likaibwa na watu waliotoroka msafara, naye akaona kama amesomewa hukumu ya kifo. Aliishi miaka sita zaidi, akiandamwa na malaria, kuhara damu na bawasiri iliyomtoa damu miaka mingi. Mwishoni alibebwa kwa machela kwenye matope ya Bangweulu. Wenzake walipoupasua mwili waukausha, waupeleke hadi pwani Bagamoyo, walikuta donge la damu ndani, kubwa kama ngumi.

Sasa tuulize. Malaria leo ni vidonge vya siku tatu. Kuhara damu kuna maji ya chumvi na sukari, kuna antibiotiki. Aliyeishiwa damu anaongezewa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa bahati nasibu, kwa maana makundi ya damu yalijulikana mwaka 1901. Kwa hiyo mimi nasema ndiyo, angeweza kupona.

Lakini ile bawasiri? Operesheni yake ilikuwepo tayari. Alishauriwa afanyiwe alipokuwa Uingereza kabla ya safari hii ya mwisho, akakataa, akaja nayo Afrika. Hapo maendeleo ya dawa hayasaidii kitu.

Tena dawa ni lazima ikufikie. Wamama wazee wa Mraru wanajua. Mabasi ya kwenda Voi yalikuwa yanapita hapa yamejaa, na mgonjwa anabaki barabarani. Wakachanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe! Kwa mama mwenye mtoto anayechemka homa, hospitali ya Voi ilianza kuwepo siku ile.

Nayasema haya kwa sababu mtu anaombewa Jumapili, Jumatatu anatupa dawa za presha au za sukari. Soma 2 Wafalme 20. Mungu alishamwahidi Hezekia miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mfalme hakuuliza za nini.

Kama umeacha dawa zako, usingoje ibada ijayo. Niandikie leo kwa faragha, usitaje ugonjwa hapa mbele ya watu. Kesho asubuhi tutaomba pamoja, halafu tutapanda gari twende Voi.